Wiki ya Pwani na Kibanja cha Nshamba

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kuuza. Mzee Abdu, mwenye ofisi yetu ya safari pale mjini Bukoba, alinionyesha kiti cha mbao nyuma ya kaunta akasema, "Binti, kaa hapo usikilize. Ukimuuzia mtu chochote leo, kesho usije." Nilikuwa nimetoka Kamachumu na cheti cha uhazili na viatu vya kuazima, nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kunyamaza. Nikakaa. Kufika jioni nilikuwa nimejifunza kwamba watu wengi wanaoingia ofisi ya safari hawajui wanakotaka kwenda. Wanajua tu kilichowachosha.

Nawaandikia ninyi mliobaki pale kaunta kwa sababu mmeniuliza jambo ambalo sikuweza kulijibu kwenye simu. Mmesema wauzaji wa wiki za hoteli wamerudi mjini, na wateja wanauliza lipi bora: kununua wiki, au kuendelea kulipia vifurushi vya safari mwaka hadi mwaka. Jibu fupi ni kwamba inategemea mtu. Jibu refu linaanzia mbali kidogo, nivumilieni.

Vifaa vyetu vya zamani mngevicheka. Tulikuwa na simu ya kuzungusha namba, kitabu cha tiketi chenye karatasi za kaboni, muhuri, ramani ya Tanzania ukutani na rula. Mteja akiuliza umbali, Mzee Abdu alipima ramani kwa rula kisha akaongeza nusu ya kile alichopata. "Rula haijawahi kupanda basi," alikuwa akisema. Babu zake walitoka Pangani wakahamia Bukoba kwa biashara, na yeye, ingawa alizaliwa hapa hapa na Kihaya alikijua kuliko mimi, alikuwa na Kiswahili laini kilichotufanya sisi wa Kamachumu tujione tunasoma hotuba.

Yeye ndiye aliyenifundisha swali ambalo nimelitumia maisha yangu yote ya kazi. Kabla ya kumtajia mteja bei au tarehe, alimuuliza: "Ukirudi, utamsimulia nani?" Mtu akijibu "wafanyakazi wenzangu," huyo anataka hoteli yenye jina. Akijibu "mama yangu," anataka safari ya salama na picha nyingi. Alikuja bwana mmoja akajibu, "Simsimulii mtu." Mzee Abdu alimpa tiketi ya meli ya Mwanza, akakataa hata kuniambia jina lake. Mimi mwanzoni niliona ni swali la umbea. Baadaye nikaona linaokoa muda kuliko maswali mengine yote, maana mtu akishasema atamsimulia nani, amekuambia safari ni ya nani.

Vifurushi vilipoanza kuingia, vilikuwa kitu kigeni kwetu. Mnajua leo kifurushi ni nini: nauli, kitanda, chakula na matembezi, vyote vimefungwa pamoja na vimelipiwa mara moja. Wakati ule mteja wa Bukoba alikuwa akitushuku. Alidhani tunaficha kitu ndani. Kundi langu la kwanza lilikuwa la wazee wa kanisa, na jambo lililoharibika lilikuwa dogo mno hata hakuna aliyelifikiria: hoteli iliwapa wali na samaki siku zote mfululizo. Siku ya tatu mzee mmoja alisukuma sahani akasema, "Mwanangu, tumekula vitafunio vya kutosha. Chakula kinakuja lini?" Kwetu chakula ni ndizi; tangu hapo basi langu halikutoka Bukoba bila mikungu yake kwenye buti, na mpishi wa hoteli nilimwelekeza mwenyewe. Mara ya kwanza alizikaanga. Tulizila, tukamshukuru, tukaombea mara ya pili.

Sasa nije kwenye wiki.

Wauzaji walipokuja mara ya kwanza walikodi ukumbi wa hoteli moja kando ya ziwa, wakaalika wastaafu, walimu, wauguzi na wazee wa kanisa. Mzee Abdu alikuwa ameshaacha kazi kwa sababu ya macho, nami nilikuwa nimekalia kiti chake. Nilikwenda nikakaa nyuma. Pilau yao ilikuwa nzuri, hilo lazima nilikiri. Aliyezungumza alikuwa kijana nadhifu mwenye adabu, na katika yote aliyosema sikusikia uongo hata mmoja. Alieleza kwamba ukilipa kiasi kikubwa mwanzoni, unapata wiki moja ya kila mwaka katika hoteli ya ufukweni, kwa miaka mingi. Wiki hiyo chumba ni chako. Unaweza kwenda, unaweza kumwazima ndugu, unaweza kuirithisha. Kila mwaka utalipa pia ada ya matunzo. Mambo haya yote aliyaweka chini ya neno moja zuri: milki.

Neno hilo ndilo lililoleta kazi. Asiye wa huku kati yenu ajue kwamba kwetu mtu akisikia "milki" anaona kibanja, yaani shamba la migomba la familia, nyumba ikiwa katikati, kahawa zikiwa zimechanganyika na migomba, na makaburi ya waliotangulia yakiwa pembeni. Kibanja hakihami. Unakikuta, unakilima, unakiacha. Mstaafu mmoja alisimama kule mbele akauliza, "Kijana, mtu akifa?"

"Inabaki kwenye familia, baba," yule kijana akajibu.

Ukumbi mzima ukaguna kwa kuridhika. Nami pale nyuma nikajua kwamba kijana amejibu swali moja na ukumbi umesikia jibu la swali jingine.

Aliyeuliza alikuwa Ta Ishengoma wa Nshamba, mwalimu mkuu mstaafu, mtu aliyenyooka kama mstari wa chaki. Kwetu mwanamume mtu mzima tunamwita Ta na mwanamke Ma, na yeye alikuwa Ta hata kwa watu waliomzidi umri. Siku chache baadaye aliingia ofisini na mke wake, Ma Koku, aliyekaa kwenye benchi na kikapu chake mapajani.

"Adela," Ta Ishengoma akasema kabla hata sijamaliza kumwamkia, "nimepata kibanja pwani."

"Hongera, Ta. Ni kikubwa?"

"Cha wiki moja."

Alisema hivyo bila kucheka, nami sikucheka. Alikuwa bado hajasaini, lakini alikuwa ameshapanga pesa itakakotoka. Sehemu ya chini ya kibanja chao, ile inayoshuka bondeni, mfanyabiashara mmoja wa Nshamba aliitaka. Ta alikuwa ameahidi kumpa jibu kabla ya msimu wa kahawa. Na kwa kuwa ardhi ile ilikuwa ya ukoo, kama desturi inavyotaka alikwenda kwanza kumwarifu kaka yake, Ta Kaijage.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Ameniuliza kama nauza ardhi ili ninunue Jumatatu hadi Jumapili." Akavua miwani akaifuta. "Tangu siku hiyo hatusalimiani."

Jambo lilikuwa limesimama hapo. Akisaini, bonde linakwenda, na ardhi ya ukoo ikishaingia mikono ya mtu wa nje, kuirudisha ni kesi ya wajukuu. Nikamgeukia Ma Koku nikamuuliza lile swali la Mzee Abdu. "Ma, ukirudi kutoka pwani, utamsimulia nani?"

"Atawasimulia wote," Ta Ishengoma akajibu. Ma Koku akatazama nje dirishani, kule bodaboda zinakopaki.

Hapa ndipo napenda mnisikilize vizuri, kwa sababu mtakutana naye Ta Ishengoma mara nyingi, kwa majina mengine. Nilimweleza taratibu. Nilimwambia wiki ya hoteli ni haki ya kutumia chumba, kwa muda uliopangwa, kwa kipindi kilichopangwa. Ardhi haimo. Ada ya matunzo hailali: usipokwenda unalipa, ukiumwa unalipa, na hupanda pole pole kama mtu mzee anayepanda ngazi, lakini haishuki. Kuiuza tena ni kugumu, maana wauzaji wenyewe wana nyingine mpya za kuuza. Na watoto wakirithi wiki, wanarithi na ada yake.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe umeajiriwa kuuza vifurushi. Utasifu nini kama si vifurushi?"

Lilikuwa swali la haki, na nilimwambia hivyo. Ofisi yetu inakula kwenye vifurushi. Basi ilinibidi nikiseme kifurushi vibaya pia, nami nawashauri mfanye hivyo kila mara, kwa sauti, mbele ya mteja. Kifurushi unalipa, unakwenda, unarudi, na mkononi huna kitu. Mwaka unaofuata bei imepanda. Picha ya chumba ilipigwa na mtu aliyelala sakafuni ili kionekane kikubwa. Unaamshwa saa ambayo wengine wanataka kuamka, na daima kuna abiria mmoja aliyesahau dawa zake hotelini mkiwa mmeshafika njia kuu.

Na wiki nayo ina wenyewe. Nilimtajia daktari mmoja wa hapa mjini na mkewe, Waislamu wa kule karibu na msikiti mkubwa, walionunua wiki na hawajajuta. Likizo yao ni tarehe zile zile kila mwaka. Wanapenda chumba kile kile, mhudumu yule yule, na samaki wa aina ile ile, na ada yao wanaihesabu pamoja na umeme na maji. Mtu mwenye mazoea hivyo, aliyelipa kwa akiba ambayo hataihitaji, wiki inamfaa. Kinachoumiza ni kulinunua zoea ambalo bado huna.

"Wewe Ta, wiki waliyokupangia ni ipi?" nikauliza.

"Ya Novemba. Ndiyo ya bei nafuu."

"Wakati wa senene?"

Ma Koku kwenye benchi akakohoa. Mtu wa kwetu aondoke nyumbani senene, panzi wetu wa kuliwa, wanapoanguka, aende kuwatazama kaa! Ta Ishengoma akajitetea kwamba angeweza kuongeza pesa apate wiki ya Krismasi. Nikamwuliza Krismasi watoto wao wanapokuja nyumbani kutoka Mwanza na Dar es Salaam watafunguliwa mlango na nani. Hili nalo mliandike mahali. Wiki ambazo hoteli huziuza ghali, za mwisho wa mwaka, ndizo ambazo Mhaya hawezi kutoka Kagera hata umlipe. Kwetu Desemba watu wanakuja, hawaondoki.

Ijumaa iliyofuata Mzee Abdu alipita ofisini baada ya swala, kama alivyozoea, nikamsimulia. "Tatizo ni lile neno," akasema. "Milki ni neno zito mno kwa wiki. Mimi ningesema zamu." Nilimpelekea Ta Ishengoma neno hilo kwa simu. Akajibu kwamba zamu ni ya walinzi wa usiku.

Nikaacha kueleza. Kuna kiwango ambacho mtu akishakifikia, kila ukimweleza unamjengea ukuta. Nilifanya kitu kimoja tu. Tulikuwa na safari ya akina mama wa kanisa la Kamachumu, siku tano pwani, nikaipeleka kwenye hoteli ile ile iliyokuwa ikiuza wiki. Nikampigia Ta Ishengoma nikamwambia kuna nafasi mbili. "Hata ng'ombe hununui kabla ya kumwona akitembea," nilimwambia. Akakubali, kwa sharti kwamba anakwenda kukagua mali yake, na wale wengine wanakwenda kutalii.

Tulisafiri kwa basi, tukalala njiani, na siku ya pili jioni tukafika. Akina mama waliimba nusu ya njia na nusu iliyobaki wakamtania Ta Ishengoma. "Ta, ukishahamia pwani utatukaribisha?" mmoja akamuuliza. "Au tusubiri wiki yako?" Yeye alijibu kwa heshima kwamba watakaribishwa wote, ila wavue viatu. Nilipenda hilo. Alikuwa mtu wa fahari, lakini fahari yake ilikuwa na nafasi ya watu wengine.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta bustanini mbele ya vyumba, amevaa koti, begi liko miguuni. Alikuwa anapima kwa hatua kutoka ukutani. Kisha akainama, akafungua begi, akatoa kitu kilichofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Kabla hakijafunguliwa nilikijua. Vilikuwa vipandikizi vya omulamula.

Omulamula ni mmea wetu wa mpaka. Haukauki ovyo, hauna haraka, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeung'oa. Ukipata kibanja, unaupanda mbele ya majirani, pombe ya ndizi inanywewa, na tangu siku hiyo mpaka unajulikana. Ta Ishengoma alikuwa ameubeba kutoka Nshamba hadi Bahari ya Hindi, ameulowanisha kila basi liliposimama, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwona.

Meneja wa hoteli alikuja, mama wa makamo aliyejifunga kilemba, mwenye sauti ya kuzoea wageni. Ta Ishengoma akamwamkia vizuri, akamwomba jembe.

"Jembe la nini, mzee wangu?"

"La kuweka mpaka."

"Mpaka wa wapi?"

"Wa pangu." Akaonyesha kile chumba. "Nimeahidi kununua wiki."

Meneja yule alikuwa na kila sababu ya kucheka na hakucheka, ndiyo maana nimekumbuka kumtaja. Akavuta kiti cha bustani akamkalisha, naye akakaa. "Mzee wangu," akasema, "nikikuonyesha pako, wewe wiki yako ikiisha atakuja mwenye wiki inayofuata. Naye ataniomba jembe. Chumba hiki kina wenyewe kama hamsini. Kila mmoja akipanda mpaka wake, mgeni atapita wapi?"

"Wote hao wanamiliki chumba hiki?"

"Wote. Na si lazima kiwe hiki. Mwaka huu hiki, mwaka kesho cha kule nyuma, kikiwa cha aina moja."

"Na ardhi?"

"Ya kampuni."

"Kampuni imeirithi kwa nani?"

"Imepangishwa, mzee wangu. Ina miaka yake."

Ta Ishengoma akatazama vile vipandikizi. "Kwa hiyo mimi ningekuwa mpangaji wa mpangaji," akasema, "wa siku saba." Meneja akainua mabega kwa upole. Hakuwa ametaka kumharibia mwenzake wa mauzo biashara. Alikuwa amejibu alichoulizwa.

Ningependa kuwaambia kwamba jambo liliishia hapo. Halikuishia. Mtu aliyekwisha kuwatangazia watu wa Nshamba harudi nyuma kwa maelezo tu, hata yawe mazuri namna gani. Mchana ule alikuja kunitafuta. "Hata hivyo, Adela, chumba ni kizuri," akasema. "Na Ma Koku anastahili kupumzika. Amelima tangu nimemuoa. Ardhi nitakufa niiache. Nimpe nini yeye, akiwa bado hai?" Nikaona kwamba hakuwa na ujinga wowote. Alikuwa anamtafutia mkewe zawadi, na ile iliyokuwa mbele yake ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kuonyeshwa.

"Umemuuliza?" nikamwambia.

"Atasema ndiyo."

"Basi muulize."

Ma Koku alikuwa kibarazani, amevua viatu, anamenya chungwa. Tulikwenda wote wawili, mimi nikabaki nyuma kidogo, ingawa si mbali sana. Alikuwa ameshashuka ufukweni asubuhi na akina mama, ameyaonja maji kwa kidole, amethibitisha kwamba ni kweli yana chumvi.

"Umependa?" mumewe akamuuliza.

"Nimependa sana. Kasinge, ahsante."

"Basi tutakuwa tunakuja kila mwaka."

Ma Koku akaacha kumenya. "Kila mwaka? Kufanya nini?"

"Kuona bahari."

"Si nimeiona? Au inabadilika?"

Akina mama wawili waliokuwa karibu wakageuka upande wa pili ili wasicheke usoni pake. Ta Ishengoma akaeleza kuhusu kupumzika. Akaeleza kuhusu kitanda, na kupikiwa, na kutofua. Akaeleza kwa mpangilio, kama mtu aliyezoea ubao. Mkewe alimngoja amalize.

"Waitu," akasema, kwa neno letu la heshima, na sauti yake haikupanda, "unauza ninapolima ili ununue nitakapolala. Nani aliyekuambia nataka kulala?"

"Umechoka, Ma Koku. Nakuona."

"Nimechoka na njia ile ile. Kisimani, bondeni, kanisani, nyumbani. Sasa unataka kuniongezea njia nyingine ile ile, ya mbali zaidi." Akamkatia kipande cha chungwa akampa. "Mimi nataka kuona theluji ya Kilimanjaro. Nataka kuona mbuga, nimuone twiga amesimama, si kwenye kalenda. Nataka kwenda Ngara kwa dada yangu, tuongee hadi tuchoke. Halafu nirudi nikute bonde langu lipo. Maharage yangu yapo kule. Mibuni aliyopanda baba yako ipo kule. Ukiliuza, nitakuwa nikirudi wapi?"

Ta Ishengoma alikula kile kipande cha chungwa hadi kikaisha. Kisha akasema, "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unatangaza."

Nimefanya kazi hii kwa miaka mingi, na nimeeleza tofauti ya wiki na kifurushi kwa watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kwa rula, kwa kikokotoo, na baadaye kwa kompyuta. Kumbe kipimo chenyewe kilikuwa kwenye benchi tangu siku ya kwanza, na kikapu mapajani. Wiki inamfaa anayependa kurudi. Kifurushi kinamfaa anayependa kwenda. Mkiwa na watu wawili mbele ya kaunta, mmoja akawa anajibu maswali yote, muulizeni yule mwingine, na akisemewa na mwenzake, subirini hadi mwenzake atoke nje kupokea simu.

Kuna machache mengine ya kuwaachia. Mteja asisaini siku aliyolishwa. Watu wetu wana adabu. Mtu akishakula pilau ya mtu anaona haya kumwambia hapana. Mwambieni soda si deni, na kalamu itakuwepo hata kesho. Mwambieni akalale pale kwanza kama mgeni wa kawaida, siku chache, na achague siku za mvua. Aulize ada ya matunzo ilikuwaje miaka iliyopita, maana ya mwaka huu peke yake haisemi kitu. Aulize mtu akitaka kujitoa anatokaje. Na kama pesa inatoka kwenye kuuza kitu kisichorudi, mnywesheni chai kabla ya kumweleza lolote.

Tuliporudi, Ta Ishengoma alikuwa na kazi moja ngumu iliyobaki, nayo ni kurudi Nshamba. Sikuwepo, lakini Nshamba si mbali, na habari husafiri bila tiketi. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake na kumwambia kwamba bonde haliuzwi. Ta Kaijage akamuuliza imekuwaje kuhusu kile kibanja cha pwani. Ta Ishengoma akamjibu, "Kina mgogoro. Wanaodai chumba kimoja ni hamsini." Ta Kaijage, ambaye kama sisi sote amezeeka akisikia kesi za mipaka, alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli na kumtolea kahawa za kutafuna, ishara yetu ya mapokezi mema. Mfanyabiashara naye aliposikia habari ya mgogoro alielewa haraka. Hakuna mtu wa wilaya yetu ya Muleba anayehitaji kuelezwa neno hilo mara mbili. Hata yule kijana muuzaji alipopiga simu aliambiwa hivyo hivyo, na nasikia hadi leo anajaribu kujua ni mgogoro gani.

Mwaka uliofuata, kabla sijafungua vizuri pazia la ofisi, Ma Koku aliingia peke yake. Alikuwa na viatu vipya vya kutembelea na kikapu kile kile. Aliuliza kama kuna kundi linalokwenda Moshi, nikamwambia lipo, linaondoka baada ya wiki mbili, na mlima huonekana vizuri asubuhi mapema kabla mawingu hayajaufunika. Akachagua kiti cha dirishani. Nilipouliza atakayemsimulia, alijibu mwenyewe, bila kusita: dada yake wa Ngara, ambaye angempitia wakati wa kurudi.

"Na Ta Ishengoma haendi?" nikamuuliza, kalamu ikiwa juu ya nafasi ya pili.

"Yuko bondeni anapalilia maharage," akasema. "Nimemwambia hiyo ndiyo wiki yake."